Njia Isiyojibu

Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna treni iliyotoka mikononi mwake kabla hajajua kwamba njia ya mbele ni tupu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanilaumu kwa niliyoyafanya baadaye. Kuishi na mtu wa namna hiyo si kazi ndogo. Ukimwambia chakula kiko mezani, anauliza kimeiva saa ngapi na nani aliyekionja kwanza.

Anaitwa Godefroid, lakini hapa mtaani kwetu Naviundu kila mtu humwita Chef, yaani mkuu, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Mimi ni Laurentine, binti yake mkubwa. Nauza mabeseni, sabuni na biskuti ninazozileta kutoka mpakani Mokambo. Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, ndugu zangu walikaa wakakubaliana kwa kauli moja kwamba nihamie kwa baba, kwa sababu mimi ndiye mwenye subira. Sikuwepo walipokubaliana.

Macho yake yalikuwa yameanza kufifia hata kabla ya msiba ule. Mtoto wa jicho, yote mawili, pole pole. Herufi iliyokaa chini ya lenzi yake nene, juani, aliiona. Mtu aliyesimama mlangoni alimwona kama moshi, akamtambua kwa sauti na kwa mlio wa kandambili.

Kitabu kililetwa na mdogo wangu Sylvain, ambaye ni dereva wa familia moja kule Golf, mtaa wa wenye pesa. Familia hiyo ilihama, ikaacha katoni ya vitabu nje ya geti, naye Sylvain akaibeba mpaka kwetu akisema karatasi zitatufaa kuwashia mbabula, jiko letu la makaa. Akasema kweli. Kila asubuhi nilichana kurasa kadhaa, nikazisokomeza chini ya makaa, nikawasha. Nilichoma kitabu cha mapishi, nikachoma na kitabu cha sheria ya kodi bila majuto yoyote. Siku ya kile cha tatu baba alininyang'anya mkononi. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaungua, kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua kinaitwaje wala nani alikiandika.

"Hii usichome," alisema. "Nitaangalia d'abord, nione kwanza."

Akaangalia kwa mwezi mzima. Kila mchana aliburuta kiti chake hadi penye jua, akainama na lenzi yake, na kwa mwezi ule akamaliza sura mbili. Nilipomuuliza kinahusu nini alinijibu, "Bantu banaenda mbali," yaani watu wanasafiri, akarudi kuinama. Kisha lenzi nayo ikashindwa.

"Laurentine, kuya usome hapa. Macho inakataa."

"Papa, niko na mabeseni ya kupanga."

"Paka page moja tu."

Mimi na hadithi za uongo hatuna ugomvi, ila kila mmoja hukaa kwake. Na huu ulikuwa uongo uliopitiliza. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa, na ndani yake chombo kiitwacho Persévérante kinasafiri kati ya nyota na nyota kikiwa na watu mia tatu, kwa kilomita zenye sifuri nyingi hata ulimi unachoka kuzitaja. Kapiteni ni mwanamke, jina lake Tessane. Anaelekea kwenye dunia nyingine ambayo hajaiona mtu wa kizazi chake. Nilisoma ukurasa ule mmoja kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la umeme kukatwa. Nilipomaliza, baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio mbele, kama nilivyokuwa nikimwona utotoni akisikiliza simu ya stesheni.

"Banapokezana zamu saa ngapi?" aliuliza.

"Kitabu hakisemi, Papa."

"Itasema. Endelea."

Nikageuza ukurasa. Kitabu kikasema: saa sita kwa saa sita, na anayetoka zamu hatoki mpaka aliyeingia atie sahihi. Baba akapiga paja lake.

Ikawa hivyo kila siku nikirudi sokoni. Ukurasa mmoja ukawa kurasa tano, tano zikawa kumi. Baba aliuliza maji ya kunawa yanahesabiwa na nani, na kesho yake tukakuta mwanamume mwenye daftari anayehesabu maji ya kunawa. Aliuliza wakifa wanazikwa wapi, na sura ya saba ikamjibu mpaka nikasisimkwa na mwili. "Huyu mwenye kuandika alifanyaka kazi fulani," alisema. "Haiko mutu wa bure."

Mimi nilichotaka kujua ni kitu kingine. Siku moja nikamuuliza wazi. "Papa, wewe haukutokaka hata siku moja ku reli. Hii bintu, hii mambo ya nyota, inakusaidia nini?"

"Maisha yangu yote nilikuwaka pa quai, pale bantu banapandia treni," alisema. "Treni inaenda, mi nabaki. Sikuulizaka kule inaenda kuko namna gani. Kazi yangu ilikuwa paka kutoa njia. Sasa na mi niko napanda."

Niliona haya kwa ile sauti yangu ya tangazo la umeme. Tangu siku ile nikasoma vizuri.

Wakati huohuo tulikuwa na jambo la macho. Timu ya madaktari ilikuwa imekuja kwenye hospitali ya parokia yetu kupasua macho ya wazee, na ingekaa mwezi mmoja tu. Nilimpeleka baba. Aliyempima ni daktari Mwenya, msichana mpole mwenye mikono midogo, ambaye alimulika macho yote mawili kisha akatueleza bila kuficha. Mtoto wa jicho la kulia alikuwa ameanza kuwa mgumu. Akipasuliwa sasa, kuna matumaini. Akingoja timu irudi mwaka kesho, huenda lisifunguke tena, na la kushoto litalifuata. Orodha inafungwa Jumamosi.

Baba alikaa wima kwenye kiti. "Docteur, njia iko libre?"

Daktari alinitazama mimi, nikamwambia anauliza kama njia ni tupu, yaani kama kuna hatari.

"Papa, ku bantu kumi, tisa banaona muzuri," alisema daktari.

"Na wa kumi?"

"Wa kumi... inategemea, Papa."

"Ku reli, treni tisa zikifika na moja ikaanguka, chef wa stesheni anaenda prison." Akasimama, akatafuta kofia yake kwa mkono, akaivaa. "Asante, mama. Uko mutoto muzuri. Lakini siendi."

Ili mtu aelewe, reli yetu ya kaskazini ni moja tu kati ya stesheni na stesheni. Treni mbili zikiingia kutoka pande mbili zitakutana katikati, na mkutano huo si wa kusalimiana. Ndiyo maana wakati wa baba dereva hakuingia kwenye kipande cha njia mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi bâton, chuma cha urefu wa mkono kilichochorwa majina ya stesheni mbili. Kila kipande kina bâton moja tu. Huna bâton, huendi, hata kama ndani ya behewa yumo askofu. Baba alimtaka daktari ampe bâton ya macho yake, na daktari, kwa kuwa ni mkweli, hakuwa nayo.

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwita Sylvain aje amgombeze naye. Kazi bure. Sikio la kufa halisikii dawa. Nami niliogopa, nalisema wazi. Nilijiona nikimshika mkono kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka chooni hadi kitandani, mpaka mmoja wetu afe, na sikujua nitaanza kumchukia mwezi gani.

Jumatatu ya juma lile la mwisho tulifika sura ya kumi na mbili. Persévérante imefika kwenye mlango wa njia nyembamba, katikati ya mawe makubwa yanayoelea, na nafasi kati ya mawe hayo ina upana wa kupitisha chombo kimoja tu. Upande wa pili kuna kituo, na kazi ya mlinzi wa kituo ni kujibu: njia ni tupu, piteni. Tessane anaita. Hakuna jibu. Anaita siku ya pili, siku ya kumi, siku ya arobaini. Maji yamebaki ya siku kumi na moja. Kuzunguka mawe ni mwaka mzima. Mkono wake uko juu ya mtambo.

Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. "Asiingie," alinong'ona. "Mama, asiingie." Kisha akasema, "Lakini maji..."

Mimi nikageuza ukurasa, nikaona sentensi ya kwanza ya sura iliyofuata. Aliingia. Na palepale nikafunga kitabu.

"Nini?" alisema baba.

"Papa, ukitaka kujua, ujiandikishe ku macho. Ukisharudi, utasoma weye mwenyewe."

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Hakupaza sauti. Aliinuka, akatafuta ukuta kwa mkono, akaingia chumbani mwake, na kwa siku mbili akaongea nami kwa maneno mawili tu, chumvi na mlango. Jumatano alimvizia Sylvain aliyekuja kutusalimu, akamwambia amsomee sura moja ndogo. Sylvain akapekua nyumba nzima. Kitabu kilikuwa kimelala chini ya gunia la sabuni, na juu ya gunia nilikuwa nimekaa mimi.

"Yaya, dada yangu, unamufanyia muzee mubaya," Sylvain aliniambia nje.

"Basi weye uhamie hapa," nikamjibu, na akakumbuka kwamba ana safari.

Alhamisi baba aliomba vifuniko vya chupa. Akavipanga juu ya meza kwa kupapasa, viwili vya chombo, cha mbele na cha nyuma, kumi na viwili vya mawe, akawa anavisukuma na kuhesabu kwa midomo. Aliniita mara moja tu, kuniuliza chombo kile kina urefu gani. Nilimwambia mita mia nane. Akaguna, akaanza upya. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na moyo wangu ukaanza kazi nyingine kabisa. Mimi nami nilitaka kujua.

Nilijidanganya kwanza. Nilisema ngoja nisome mwisho nione kama utatusaidia au utatuharibia. Niliteleka maharage kwenye mbabula nyuma ya nyumba, nikageuza beseni, nikakaa juu yake, nikafungua sura ya kumi na tatu. Nisamehewe, sijui maharage yale yalichemka saa ngapi wala jirani aliyenisalimu alikuwa nani. Nilikuwa ndani ya njia ile. Kila saa Tessane alituma ujumbe mbele, kila saa kimya, na mimi, mama mzima mwenye magoti yanayouma, nilikuwa nasema kwa sauti, "Jibu basi! Jibu!" Sikuwahi kujua kwamba karatasi inaweza kumfanyia mtu hivyo. Nilikuwa nimekaa juu ya beseni la bluu Naviundu, na wakati huohuo nilikuwa mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kutoka nyumbani.

Mlinzi wa kituo alikuwa amekufa zamani. Jiwe moja lilikuwa limeteleza likaziba njia. Tessane aliliona siku ya tisa, na hakukuwa na nafasi ya kugeuka. Akawahamisha watu wote sehemu ya nyuma ya chombo, akaikata kutoka mbele, akabaki peke yake na mtambo. Akaenda kulipiga jiwe. Njia ikafunguka, sehemu ya nyuma ikapita kwa mwendo wake wenyewe, na watu mia mbili tisini na tisa wakafika.

Nililia mpaka pua ikaziba. Ndiyo sababu sikusikia harufu ya maharage.

Nilipotulia, niliona balaa niliyojiletea. Baba anataka kujua nini kinampata mtu anayeingia bila bâton, nami ndani ya kitabu nimekuta jibu baya kuliko yote. Wote wamefika isipokuwa mmoja. Ni yuleyule wa kumi wa daktari Mwenya, na ameandikwa kwa herufi. Nikimsomea haya, Jumamosi itapita naye amekaa kwenye kiti chake akisema, mnaona sasa? Basi nikaamua kufanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, isipokuwa sokoni ambako ni kazi. Niliamua kutunga.

Ijumaa mchana nikamwendea na kitabu mkononi. "Papa, tumalize hii bintu. Nitakupa mwisho, na kesho tunaenda kuandikisha. Koo inaniuma, nitakuelezea paka na Kiswahili."

Alisukuma vifuniko pembeni. "Sema."

Nikasema. Nikamwambia Tessane aliingia. Nikaiga zile jumbe za kila saa, nikazileta vizuri, hata nikajisifu moyoni. Kisha nikamfikisha siku ya tisa, na siku ya tisa mlinzi akajibu. Kumbe hakufa, mashine yake ilikuwa mbovu tu, akaitengeneza. Akasema: njia ni tupu, piteni. Wakapita. Wakafika wote mia tatu, wakapokelewa kwa ngoma.

Kidole cha baba kilikuwa kinazunguka juu ya kifuniko kimoja.

"Mulinzi alisema nini, kwanza kabisa?"

"Alisema, njia iko libre, mupite."

"Na chombo ilikuwa mu njia tayari?"

"Ndiyo, Papa. Siku tisa mu njia."

"Donc mulinzi ananyamaza siku makumi ine na kitu. Mashine inapona. Anasikia bantu mia tatu beko ndani ya njia yake, na yeye hakubapatia ruhusa. Na neno ya kwanza anasema ni mupite?" Alitikisa kichwa. "Haulizi nani anaongea? Haulizi beko kilometre ngapi? Haulizi kama kuko wengine nyuma yabo? Hapana, mama. Chef anauliza d'abord. Hata mulevi anauliza."

"Labda alisahau..."

"Huyu mwenye kuandika anahesabu mpaka maji ya kunawa. Hawezi kusahau ile. Hii mwisho haiko yake. Hii iko yako."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata kwenye kona ya kwanza.

"Na jana maharagi iliungua," aliendelea, taratibu, kama anayesoma ratiba. "Weye haukuunguzaka chakula tangu uko mutoto. Nikasema, eeh, anasoma. Nikasikia unalia. Nikangoja uniambie." Akanigeukia, macho yake meupe yakitafuta mahali nilipo. "Kulikuwa accident?"

Sikujibu. Kwa mtu wa reli, hilo ni jibu.

"Bantu wangapi?"

"Papa, acha."

"Bon. Sikia." Akavikusanya vifuniko vyote, akavitia mfukoni mwa koti lake. "Accident ikitokea ku njia, bantu banakuya pa stesheni mbio. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Mwenye kuogopa anapunguza. Mwenye kupenda kusema anaongeza. Chef hapokei ripoti ya mu kinywa. Hata ya ndugu yake. Anapanda ku wagonnet, ile kigari ya reli, anaenda kufika pale pale pa kilometre, anaangalia na macho yake, njo kisha anaandika. Nilienda mara tatu. Mara moja na malaria. Hakuna hata moja ilikuwa kama vile baliniambia."

"Ile ilikuwa kazi, Papa. Hii ni kitabu."

"Miezi mbili uko unaniambia mambo ya huyu mwanamuke, na sasa nisaini ripoti ya mutu mwenye kulia?" Akainuka. "Liste inafungwa kesho saa ngapi?"

Hapo ndipo nilipojijua kuwa mpumbavu. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta juma zima, na badala ya kushukuru nikashikwa na woga. "Saa sita," nilisema. "Lakini Papa... na yule wa kumi?"

"Namujua," alisema baba. "Nilimuwaza kila siku. Niliogopa sana, mama. Nilikuwa nasema reli, reli, lakini ilikuwa bwoga tu." Akashika ukingo wa meza. "Lakini yeye aliingia, yule Tessane. Mi nilikataza treni miaka makumi tatu na moja. Nataka kuona vile alifanya. Si kusikia. Kuona."

Tukaenda. Daktari Mwenya alipomuuliza kilichombadilisha mawazo, alisema ana ripoti anayopaswa kuandika. Jumanne wakampasua jicho la kulia, lile gumu. Mimi na Sylvain tulikaa kwenye benchi la korido kwa saa moja na robo. Sylvain alisali rozari. Mimi nilijaribu, lakini kila nilipofika Salamu Maria ya tatu nilikuta nipo kwenye mlango wa njia nyembamba, naita, na hakuna anayejibu. Daktari alitoka akasema imekuwa ngumu kuliko alivyotarajia, na kwamba kesho, shashi ikitolewa, ndipo tutajua. Usiku ule sikuwa na hamu ya kitabu chochote.

Jumatano asubuhi wakamkalisha baba kwenye kiti karibu na dirisha. Daktari akabandua plasta, akaondoa shashi, akamfuta kwa pamba. Jicho lilikuwa jekundu. Baba alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Daktari akainua vidole.

"Ngapi, Papa?"

Baba hakuvitazama. "Kitabu kiko wapi?"

"Papa, jibu docteur," nilisema.

"Tatu," alisema baba, akivitupia jicho. "Na huyu kidole iko na pete. Laurentine, kitabu."

Daktari Mwenya alicheka, akafunika mdomo. Alisema asisome muda mrefu, macho yatachoka. Nilikitoa kwenye mkoba, nikakifungua sura ya kumi na tatu, nikakiweka mikononi mwake, kisha nikasogea nikasimama ukutani. Alikishika mbali kidogo, halafu karibu, mpaka akapata mahali pake. Hakutumia lenzi. Alipitisha kidole chini ya mstari wa kwanza, nikaona midomo yake inatembea.

Alisoma pole pole, naye hakuruka hata mstari. Wagonjwa wengine waliingia wakatoka, nesi akaleta dawa ya matone akaitia, baba akangoja ikauke, akaendelea. Nilijua alipofika kwa kuutazama uso wake. Alipofika penye jiwe alikunja paji. Alipofika mahali pa kukata chombo, alisema peke yake, "Anakata mabehewa. Muzuri. Njo vile." Kidole chake kilifika mwisho wa ukurasa wa mwisho, kikakaa pale.

"Alikufa," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Haukunidanganya juu ya kitu kidogo."

"Nisamehe, Papa. Niliogopa hutakuja."

Alifunga kitabu, akakilaza juu ya magoti. Nilingoja anikaripie. Akainua uso, akanitazama, na nikaona kwamba hanitafuti kwa sauti wala kwa kandambili. Aliniona. Akaendelea kunitazama, jicho lile jekundu halipepesi, mpaka tabasamu langu likaniisha mdomoni.

"Mama," alisema, "ile nywele yako, ile nyeupe. Ilianza lini?"

Nikapeleka mkono kichwani, kana kwamba ningeweza kuzificha. "Mwaka ule mama alikufa."

"Zote?"

"Hapana, Papa. Zingine zilikuya nyuma."

"Na hapa?" Alijigusa pembeni mwa mdomo wake, mahali ambapo mimi nina mikunjo miwili.

"Hapo sijui. Labda mwaka jana."

"Hakuna mutu aliniambia," alisema baba. "Miaka ine uko mu nyumba yangu. Hakuna mutu aliniambia." Mzee yule ambaye hakulia hata siku ya kumzika mama alifuta jicho lake la kushoto, lile ambalo bado lilikuwa halioni, akaliacha la kulia wazi. "Kuya karibu. Simama pa mwangaza."

Nikasogea hadi dirishani, nikainama mbele yake. Akanishika kidevu, akakigeuza upande mmoja, kisha upande wa pili, akaniangalia bila haraka yoyote, na mimi nikamwacha aangalie.